Kampuni inataka niisifie dawa ya kideri kwenye tovuti yangu. Nifanyeje?

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makambako. Nafuga kuku wa kienyeji na chotara, na kwa miaka kadhaa sasa naendesha tovuti ya Kiswahili ya ufugaji wa kuku. Nilianza baada ya kuona watu kwenye makundi ya WhatsApp wanaulizana maswali yaleyale kila siku: kifaranga anaharisha kinyesi cheupe nimpe nini, kuku ameacha kutaga, taa ya kulelea vifaranga iwe ya wati ngapi. Nikawa naandika majibu kwa kirefu na kuweka picha nilizopiga bandani kwangu. Nisipokuwa na uhakika nampigia afisa mifugo wa kata yetu, ambaye ananivumilia sana.

Wasomaji ninao. Wananipigia kutoka Singida, Geita, na kuna mmoja yuko Muscat anamjengea mama yake banda huko Tanga. Shida ni fedha. Nimeweka matangazo ya Google, lakini hunichukua miezi mingi kufikisha dola 100, na chini ya hapo hawalipi. Tena siku hizi wanaoingia wamepungua. Mtu akitafuta "dalili za kideri", ule ugonjwa wa kuku, jibu linamtokea palepale juu, anasoma na kuondoka zake, tovuti yangu wala haifungui.

Wengine wanakopi makala nzima na kuziweka kwenye kurasa zao za Facebook. Kuna picha ya jogoo wangu mwenye ndui, nimemshika kichwa na kidole changu chenye pete kinaonekana. Nimeikuta kwenye ukurasa wenye wafuasi wengi kuliko mimi, wameandika jina lao katikati ya picha. Nilijaribu pia kuuza kitabu cha PDF kwa shilingi 5,000. Watu wachache walinunua, halafu nikakikuta kwenye kundi la WhatsApp kinagawiwa bure, na aliyekiweka ananishukuru kwa jina kwa kazi nzuri.

Mume wangu haniongelei vibaya, ila anauliza kila mwisho wa mwezi hii kazi ya usiku inaleta nini, na sina jibu. Kijana aliyenitengenezea tovuti ndiye anayelipia domeini (jina la anwani ya tovuti) na seva, mimi namtumia fedha kila mwaka kwa M-Pesa. Safari hii ameniambia bei imepanda mara mbili, na simu zangu amekuwa mgumu kuzipokea, lakini hilo nadhani litaisha.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Amenitafuta mtu wa masoko wa kampuni inayouza dawa za asili za mifugo. Wanataka makala tatu, kila moja watalipa shilingi 400,000. Masharti yao ni kwamba niandike dawa yao inatibu kideri ndani ya siku tatu, niseme nimeitumia kwa kuku wangu mwenyewe, na nisiweke popote neno tangazo. Dawa yenyewe sijaiona kwa macho. Fedha hiyo ni zaidi ya nilichopata kwa Google kwa mwaka mzima, na ada za shule zinanisubiri. Anataka jibu Ijumaa. Nikubali kwa mara hii moja tu, au nifunge tovuti nirudi kwenye kuku wangu?

Mwenye Tovuti, Makambako

—

Marahaba, mdogo wangu.

Jibu fupi la swali lako ni kwamba usiandike, na tovuti usifunge. Sababu nitazifikia. Lakini kuna jambo umelipitia juu juu kwenye barua yako ambalo mimi limenitisha kuliko hiyo dawa, nalo ni huyo kijana wako. Tuanze naye, kwa sababu dawa unaweza kuikataa leo na kesho ukaamka huna tovuti ya kuilinda.

Kama yeye ndiye analipia domeini, kuna uwezekano mkubwa kwamba imesajiliwa kwa barua pepe yake, ndani ya akaunti yake. Hata kama kila shilingi imetoka kwako, msajili wa majina anamtambua mwenye akaunti. Ingia lookup.icann.org, andika jina la tovuti yako. Kama ni ya .com utaona kampuni iliyoisajili na tarehe ya kuisha muda wake. Iandike hiyo tarehe kwenye kalenda ya ukutani, mume wako naye aione. Domeini ya .com ikipita tarehe bila kulipiwa haiondoki siku hiyohiyo. Wasajili wengi huacha muda mfupi wa kulipia kwa bei ya kawaida, kisha hufuata siku 30 ambazo ukitaka kuikomboa utalipa faini nzito, kisha siku 5 za kungoja, halafu mtu yeyote duniani anaweza kuichukua. Na wapo wanaovizia majina yenye wasomaji ili wayajaze matangazo ya kamari.

Mpigie kijana kwa upole. Usimwite mwizi, maana huenda ana madeni tu na anakwepa simu za kila mtu. Mwambie unataka kuihamishia domeini kwenye akaunti yako mwenyewe, na kama kuna fedha anakudai utamlipa siku hiyohiyo. Fungua akaunti kwa msajili yuleyule anayemtumia, kisha mwombe akusukumie domeini kutoka kwake kuja kwako. Hiyo ndiyo njia nyepesi. Akipenda uihamishie kwa msajili mwingine, atatakiwa kuifungua kufuli na kukupa msimbo wa uhamisho. Uhamisho wa .com huongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki, kwa hiyo ile fedha ya mwaka huu haitapotea. Ila usikubali aanze kwa kubadilisha jina la mmiliki kisha ndipo mhamishe, kwa sababu mabadiliko hayo yanaweza kuifunga domeini isihame kwa siku 60, na siku 60 huenda huna.

Leo usiku, kabla hata hujampigia, ingia kwenye tovuti uchukue nakala ya kila kitu. Kama ni WordPress, kwenye Zana kuna sehemu ya kuhamisha nje; itakupa faili lenye makala zote na maoni ya wasomaji. Picha hazimo ndani ya faili hilo, hivyo zipakue peke yake. Weka nakala moja kwenye simu na nyingine kwenye flashi isiyokaa nyumba moja na hiyo simu. Kusanya na zile meseji za M-Pesa za kila mwaka, pamoja na mazungumzo yenu ya WhatsApp. Kijana akigoma kabisa, sajili .co.tz kwa jina lako na uanze kuwatangazia wasomaji anwani mpya mapema, wakati ile ya zamani bado inafunguka. Ni kazi ya kuumiza, lakini nafuu uifanye sasa ungali una mahali pa kuwatangazia.

Wizi wa makala hautaisha, na sitaki ukumalizie muda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipoandika, hata kama hukusajili popote. Ukisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unapata ushahidi wa ziada. Kwa ule ukurasa wenye jogoo wako, mwandikie kwanza anayeuendesha, umwombe aweke jina na kiungo cha tovuti yako. Wengine hufanya hivyo bila ugomvi. Akikataa, Facebook ina fomu ya kulalamikia hakimiliki na Google ina ya kwake ya kuondoa kurasa zilizokopiwa kwenye matokeo ya utafutaji. Kidole chako chenye pete kitakusaidia, pamoja na picha halisi iliyomo kwenye simu yako. Kuanzia sasa, kwenye kila picha andika jina la tovuti pale ulipo mwili wa kuku, maana likikaa pembeni hukatwa kwa sekunde moja. Tenga siku moja kwa mwezi ya shughuli hizi, siku nyingine zote endelea na kazi.

Sasa fedha. Matangazo ya Google hulipa kidogo kwa sababu wanaoshindania macho ya mfugaji wa Geita ni wachache, na wachache hao hutoa dau dogo. Wala si kwamba unaandika vibaya. Ili yakulishe unahitaji wasomaji wengi mno, na hao ndio wanaopungua kwa sababu uliyoitaja mwenyewe. Yaache yaendelee kukusanya chochote, ila usiyahesabu kwenye ada. Na tafadhali, usije ukawaomba watu wa kikundi chako "wakubofyee matangazo wakusaidie". Naliona ombi hilo kila wiki, na kwa masharti ya Google ni kosa linaloweza kufuta akaunti pamoja na salio lake.

Tazama lakini kilichotokea kwa PDF yako. Watu walikuwa tayari kulipa. Kilichokushinda ni kwamba ulichouza kinafowadiwa. Uza kitu ambacho mtu akimfowadia mwenzake hakimfai.

Nakupa mfano kutoka kwenye fani yako mwenyewe. Mfugaji anatotolesha vifaranga, anakutumia tarehe. Wewe unampangia ratiba ya kundi lile na kumkumbusha jioni ya kuamkia kila chanjo: siku ya 7 kideri, ya 14 gumboro, ya 21 kideri tena, ndui baadaye. Kwa kuku wa kienyeji, ile chanjo ya kideri ya I-2 ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu, kwa hiyo mteja wako anarudi. Unamwambia na chupa ina dozi ngapi, ashirikiane na jirani gani ili isimwagwe, aibebeje kutoka dukani. Ratiba ya kundi la mtu wa Singida haimsaidii mtu wa Geita ambaye vifaranga wake wametotolewa wiki nyingine. Wafugaji 60 wakilipa shilingi 3,000 kwa kila kundi ni 180,000, bila kumwomba Google kitu. Afisa mifugo wako aipitie ratiba kabla hujaanza, na umlipe kidogo. Amekuvumilia bure vya kutosha.

Chukua Lipa Namba ya biashara ili fedha ya tovuti isichanganyikane na ya nyumbani. Orodha ya namba za wateja iandike kwenye daftari pia, usiiache ndani ya WhatsApp peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takribani saa sita, na aliyekuwa na wateja wake humo tu hakuwa na pa kuwapata. Ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia waliohifadhi namba yako tu, tena mwisho watu 256 kwa orodha moja. Kwa hiyo kila anayelipa mwambie aihifadhi. Kwa jambo nyeti kama siku ya chanjo, tuma SMS ya kawaida. Wengi wa wateja wako siku hiyo hawatakuwa na bando.

Anza na hilo moja. Orodha ya watotoleshaji unaowaamini, semina ya siku moja hapo Makambako, matangazo ya wauza vyombo vya maji, yote yanawezekana ila mwakani. Na kwenye kuandika, maswali ambayo jibu lake ni la kitabuni mashine itayajibu, mwachie. Bei ya kifaranga wiki hii hapo stendi, mtotoleshaji gani analeta waliodhoofika, ugonjwa gani umeonekana Njombe baada ya mvua, hayo yako kwako peke yako.

Vibali nitavipita haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza 2018, maombi na leseni vilizidi shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza. Wanablogu wengi walifunga, na jukwaa la mtandaoni la JamiiForums nalo lilisimama kwa muda Juni mwaka ule. Kanuni ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, kwa hiyo usisikilize hadithi za mitaani. Ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Waandikie, eleza unachochapisha, omba jibu la maandishi, ulitunze. Jina la biashara lisajili BRELA, TIN, namba ya mlipakodi, chukua TRA bila malipo. Na kwa kuwa utatunza namba za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Ulizia usajili kwa Tume yake.

Mume wako usimjibu kwa maneno. Andika kwenye daftari la mwezi kilichotoka na kilichoingia, hata kama ni sifuri, umwonyeshe. Mtu anayeuliza kila mwisho wa mwezi bado anafuatilia.

Tumefika kwenye dawa. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kideri hakina tiba. Ni ugonjwa wa virusi, kinga yake ni chanjo, na banda lisilochanjwa linaweza kuisha ndani ya siku chache. Mama wa kule Tanga akisoma kwako kwamba kuna dawa ya siku tatu, ataacha kununua chanjo. Kuku wakianza kupinda shingo atatuma fedha ya dawa, atasubiri siku tatu alizosoma kwako, na siku ya nne atakuwa anachimba shimo. Atakayempigia ni wewe, kwa sababu namba yako anayo na ulimwambia umeitumia mwenyewe. Hakuna "mara hii moja" kwenye jambo hilo. Watu wanakupigia kutoka Singida kwa sababu hujawahi kuwadanganya, na hiyo ratiba ya chanjo niliyokupa hapo juu hakuna atakayeinunua kwa mtu aliyewahi kusema kideri kinatibika. Ungekuwa unauza biashara yako yote kwa shilingi 1,200,000.

Matangazo yenyewe si dhambi, yachukue. Ila dawa ya mifugo iwe na namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa, na uihakikishe mwenyewe, usiridhike na picha ya kibandiko. Makala ya kulipiwa iandikwe TANGAZO juu kabisa, kabla ya sentensi ya kwanza. Neno la mwisho kuhusu kilichoandikwa liwe lako. Na hujatumia, usiseme umetumia.

Huyo wa masoko mtumie hivi, kabla ya Ijumaa: "Habari ya kazi. Nashukuru kwa kunifikiria. Siwezi kuandika kwamba kuna dawa inayotibu kideri, kwa sababu haipo, wala kwamba nimetumia bidhaa ambayo sijaitumia. Mkiwa na bidhaa iliyosajiliwa TMDA, nitumieni namba yake na maelezo yaliyoidhinishwa, nitawapa bei ya tangazo litakaloonekana wazi kuwa ni tangazo."

Akiongeza dau, mtumie ujumbe uleule. Na wiki hiyohiyo chapisha makala ndefu, yenye picha zako, inayoeleza kwa nini kideri hakitibiki na chanjo inapatikana wapi kwa mkoa wenu. Kama amekufuata wewe, amewafuata na wengine, na yupo atakayekuwa amekubali.